Bugaluu, Majoho na Vita: Nani Ana Haki ya Kupinga kwa Furaha?

Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya upinzani dhidi ya vita vya Vietnam, hapakosi mwanafunzi wa kuuliza swali lile lile kwa maneno mapya: je, watu hawa tuwahesabu kuwa wanaharakati, au walikuwa wavuta bangi wenye nywele ndefu waliopata kisingizio cha kukusanyika? Wenzake hucheka. Mimi huliheshimu swali hilo, kwa sababu najua linatoka wapi. Ndilo swali linaloulizwa hadi leo na mzazi, na ofisa, na mtangazaji wa redio, pindi vijana wanapoinua sauti: kabla ya kusikiliza wanachosema, hutazamwa wamevaa nini na nywele zao zikoje. Ndugu msomaji, leo naomba nilijibu swali hilo kwa kirefu, nikianzia Marekani na kuishia kwetu Tanga.

Hoja yangu ni hii. Utamaduni kinzani wa miaka ya 1960, pamoja na dawa zake za kuleta njozi, uliwasaidia wapinga vita pale ulipoufanya upinzani kuwa jambo ambalo watu wengi wangeweza kushiriki kwa pamoja. Uliwadhuru pale ulipomwambia kila mmoja aufuate ukombozi ndani ya kichwa chake mwenyewe. Tofauti hiyo, baina ya furaha ya pamoja na raha ya peke yako, ndiyo kipimo. Nasi wa pwani hatuna haja ya kukiazima kipimo hicho ugenini.

Tuanze na dawa yenyewe. LSD ilitengenezwa mwaka 1938 na mkemia Albert Hofmann katika kampuni ya Sandoz, mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1943 akagundua kwamba hubadili namna mtu anavyoona, anavyosikia na anavyohisi muda ukipita. Wasichokijua wengi ni kwamba kemikali hiyo iliufikia umma wa Marekani kwa kupitia mlango wa dola. Kuanzia mwaka 1953 shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, liliendesha mradi wa siri ulioitwa MK-Ultra, likitafuta njia za kuitawala akili ya binadamu, na LSD ikawa mojawapo ya zana zake. Mwandishi Ken Kesey aliionja mara ya kwanza akiwa mtu wa kujitolea katika majaribio yaliyofanyika kwenye hospitali ya maveterani wa vita huko Menlo Park, California. Kwa hiyo, kitu ambacho baadaye kiliitwa ufunguo wa amani kilitoka kwenye kabati la watu wa vita. Historia ina kejeli zake.

Kesey huyo huyo alialikwa kuzungumza kwenye mkutano wa kupinga vita huko Berkeley, Oktoba 1965. Waandaaji walitarajia hotuba ya kuamsha ari. Yeye akapanda jukwaani na kinanda cha mdomo, akawaambia waliohudhuria kwamba kuandamana kwao hakutakomesha vita, kwa kuwa maandamano ni mchezo ule ule wanaoucheza majenerali. Dawa ni kuvipa vita kisogo. Waandaaji walikasirika. Katika tukio hilo moja tunauona mgogoro mzima: upande mmoja wanasiasa wa mitaani, wenye vipeperushi na ratiba za mikutano, upande mwingine watu wa njozi, waliodhani kwamba ukijiondoa kwenye mfumo, mfumo utaanguka wenyewe.

Miaka miwili iliyofuata, pande hizo mbili zilijaribu kuoana. Januari 1967 maelfu ya vijana walikusanyika katika bustani ya Golden Gate, San Francisco, kwenye tamasha lililokusudiwa kuwaunganisha wanaharakati wa Berkeley na mahipi wa mtaa wa Haight-Ashbury. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo, watu wapatao 100,000 walikusanyika Washington, na makumi ya maelfu kati yao wakaelekea Pentagon, makao makuu ya jeshi. Hapo Abbie Hoffman na wenzake walitangaza kwamba watalizunguka jengo hilo, wataimba na kuomba, hadi liinuke hewani na pepo wa vita wamtoke. Inasimuliwa kwamba maofisa wa serikali walijadiliana nao kwa dhati kuhusu urefu ambao jengo lingeruhusiwa kupaa. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu watalitambua tukio hilo: hakuna jambo lisiloweza kuombewa kibali.

Mtanzania anaposikia habari za kuinua jengo kwa maombi, hawezi kuacha kumkumbuka Kinjekitile wa Ngarambe, na maji ambayo mwaka 1905 watu waliamini yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Tufananishe kwa tahadhari. Waliokusanyika Pentagon walijua kwamba wanaigiza. Zaidi ya 600 walikamatwa, lakini walio wengi walirudi nyumbani. Waliokunywa maji ya Ngarambe hawakuwa wakiigiza, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata ni makumi kwa makumi ya maelfu. Hata hivyo mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Dola yenye silaha hutegemea kuogopwa, na mtu wa kawaida hawezi kuikabili kabla hajapata namna ya kuvunja woga huo. Wengine huuvunja kwa imani, wengine kwa kicheko. Jengo la Pentagon halikupaa hata inchi moja, lakini kuanzia siku hiyo lilikuwa jengo lililokwisha kuchekwa.

Hiyo ndiyo faida. Hasara nayo haikuchelewa. Agosti 1968, wakati wa mkutano mkuu wa chama cha Democrat huko Chicago, kundi la Hoffman na Jerry Rubin lilimleta nguruwe na kumtangaza kuwa mgombea urais. Polisi waliwapiga waandamanaji mbele ya kamera za televisheni. Waandamanaji waliamini kwamba taifa zima likiona picha zile litakuwa upande wao. Kura za maoni zilionyesha kinyume: Wamarekani wengi waliwaunga mkono polisi. Kwa fundi bomba wa Ohio ambaye mwanawe yuko vitani, nywele ndefu na nguruwe vilikuwa tusi, na ujumbe wa amani ulizama ndani ya tusi hilo. Novemba mwaka huo Richard Nixon akachaguliwa. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria kali ya kudhibiti dawa, na mwaka 1971 Nixon akatangaza kwamba matumizi ya dawa za kulevya ndiye adui namba moja wa taifa. Dola ilikuwa imepata kile inachokitafuta daima: njia ya kumkamata mpinzani bila kutaja upinzani wake.

Mafanikio makubwa zaidi yalikuja kwa sura nyingine. Tarehe 15 Oktoba 1969 Wamarekani wanaokadiriwa kufikia milioni mbili walishiriki siku ya kusitisha kazi kupinga vita. Walikuwamo wachungaji, walimu na akina mama wa nyumbani, wengi wakiwa na kitambaa cheusi mkononi. Aidha, kuanzia mwaka 1968 wanaharakati walifungua migahawa ya kahawa karibu na kambi za jeshi, wa kwanza ukiwa Columbia, South Carolina. Humo askari walioandikishwa kwa lazima walikuta muziki wa kisasa, mabango ya rangi kali, magazeti ya siri, na watu wa kuwasikiliza. Hapa ndipo ninapouona mchango wa kweli wa utamaduni kinzani. Muziki na mabango yale yalimpa askari wa miaka 19 mahali pa kukaa na wenzake na kusema kwa sauti kile alichokuwa akikiwaza gizani. Kilichomwondoa kwenye vita kilikuwa meza ya pamoja, na njozi ya dawa haikuhitajika.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 1966, karibu mwaka mzima kabla ya tukio la Pentagon, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Hawakuwa wakipinga vita, wala haitupasi kuwavisha sifa hiyo. Lakini kama vijana wa Marekani waliokuwa wakizichoma kadi zao za kuitwa jeshini, walikuwa wakiiambia dola kwamba miili yao si mali yake. Waliandamana wakiwa wamevaa majoho ya kitaaluma, na miongoni mwa mabango yao limo lililodai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akaghadhibika, akaipunguza mishahara ya wakubwa, ukiwamo wake, na kuwafukuza chuoni wanafunzi wapatao 400.

Naomba tuyatazame mavazi hayo. Mwanafunzi wa Berkeley alipotaka kuipinga serikali alivua koti na tai ya daraja lake, akavaa koti kuukuu la jeshi na shanga. Wa kwetu alifanya kinyume: alivaa vazi linaloonyesha kwamba yeye ni wa wachache. Mkulima wa mkonge wa Muheza na kuli wa bandari ya Tanga hawakuweza kujiona ndani ya joho lile. Ndiyo maana, nadhani, wanafunzi wale walipofukuzwa, mtaa haukuwalilia. Vazi la upinzani ni mlango; humwambia mpita njia kama anakaribishwa ama la.

Miaka miwili baadaye dola yenyewe ikaingia kwenye suala la mavazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio lililojulikana kwa jina la Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na vipodozi vya kujichubua vilipigwa marufuku jijini Dar es Salaam, kwa hoja kwamba ni mabaki ya ukoloni wa kiutamaduni. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wasichana walikuwa wakizongwa na kundi la vijana barabarani Kariakoo kwa ajili ya mavazi yao. Mwishoni mwa mwaka 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku. Haya yalitokea katika mji ule ule uliowapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na Zimbabwe, katika nchi ile ile iliyovilaani vita vya Vietnam waziwazi. Chuoni, wanafunzi wa kundi la USARF na jarida lao la Cheche waliisoma Vietnam kama sura ya mapambano yao wenyewe. Mnamo Novemba 1970, kundi na jarida vyote vikapigwa marufuku.

Mjomba wangu alikuwa kijana Ngamiani miaka hiyo. Chumbani kwake kulikuwa na picha ya Muhammad Ali, ambaye Aprili 1967 alikataa kuapishwa jeshini akapokonywa ubingwa wake. Kwa Waislamu wa mtaa wetu, Ali hakuhitaji kufafanuliwa: mtu mweusi, anayesali, asiyelewa, amekataa kwenda kuwaua watu wasiomkosea. Mjomba alipenda kunisimulia juu ya mkutano mmoja wa hadhara ambao katika hotuba ile ile waliambiwa wailaani Marekani kwa mabomu yake na wawalaani wenzao kwa suruali zao. Alipiga makofi mara ya kwanza. Mara ya pili akatazama miguu yake. Miaka michache baadaye akashona bugaluu iliyofagia sakafu, akanunua na viatu vya raizoni. Nilipomuuliza kama hakuona kwamba anaiga Wazungu, alinijibu: “Mwanangu, na hiyo kanzu unayoivaa Ijumaa, unadhani iliota hapa Tanga?”

Hapo ndipo tofauti yetu na Marekani inapoonekana. Kule, kupinga vita na kuvaa utakavyo vilikuwa upande mmoja, na dola upande wa pili. Huku, dola ilikichukua kile kisa cha kupinga vita ikakifanya chake, kisha ikamwondolea kijana uhuru wa kukipinga kwa namna yake. Upinzani ukawa gwaride: mabango yameandikwa tayari, saa ya kuanza inajulikana, mgeni rasmi anasubiriwa. Simbezi msimamo wa Tanzania juu ya Vietnam. Ulikuwa wa haki, na ni wa kujivunia. Ninachosema ni kwamba kizazi kilichofundishwa kupinga vita vya mbali kwa amri hakikufundishwa kupinga chochote cha karibu kwa hiari. Matokeo ya somo hilo tunaishi nayo.

Kuna watakaonijibu kwamba mzaha na shamrashamra katika mambo mazito ni tabia ya kigeni. Kwa hilo nawaalika waisome historia ya beni. Ngoma hii, ambayo jina lake latokana na bendi za kijeshi, ilizaliwa katika pwani ya Kenya kwenye miaka ya 1890, ikashuka hadi miji kama Tanga na Dar es Salaam. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na ngoma, tarumbeta, sare, na vyeo vya kila namna. Palikuwa na makingi na majenerali ambao mchana ni makarani, mabaharia na wapagazi. Waliigiza gwaride la mtawala mbele ya macho ya mtawala.

Kisha vita vikaja. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga kikosi cha wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, nacho kikashindwa na jeshi dogo la Wajerumani ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Makaburi yao bado yapo mjini. Katika miaka minne ya vita hivyo, wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, katika ugomvi usiowahusu. Na beni je? Ilisafiri pamoja nao. Askari na wapagazi waliicheza kambini, hata wale wa pande mbili zilizokuwa zikipigana, na vita vilipokwisha waliieneza bara. Sisemi kwamba beni ilikuwa harakati ya kupinga vita. Ilikuwa mashindano, ilikuwa majigambo, na ilikuwa chama cha kuzikana na kusaidiana. Ila ndani yake mtu aliyehesabiwa na jeshi kama mgongo wa kubebea mzigo alijipa cheo cha jenerali, akachekwa na kushangiliwa na watu wake. Maofisa wa kikoloni waliitilia shaka, na hawakukosea.

Mkondo huo haukukauka. Tanga ya ujana wa mjomba ilikuwa na bendi mbili zilizogawa mji, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na ushindani wao uliwakumbusha wazee Marini na Arinoti. Litazame jina la Atomic. Dunia nzima ilikuwa ikitetemeka kwa hofu ya bomu. Vijana wa Tanga walilichukua neno hilo la maangamizi, wakalipaka kwenye ngoma, wakalichezesha dansi. Hakuna aliyewapa LSD ili wafikie wazo hilo.

Hili linanileta kwenye dawa zenyewe, kwani sitaki msomaji adhani kwamba nazisifu. Anayekulia katika mji wa bandari hana anasa hiyo. Heroini imeipitia pwani yetu yote, kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na kila mtaa unao vijana wake wanaosinzia wima kwenye kona. Sijamwona teja hata mmoja anayeihangaisha serikali. Dawa inayomfungia mtu ndani ya ngozi yake ni rafiki wa kila mtawala, hata pale sheria za mtawala huyo zinapoikataza. Mwanaharakati anayedhani kwamba kulewa ni kuasi ajiulize ni nani anayelala usingizi mzuri zaidi yeye akishalewa. Mahipi wa kweli walioacha alama katika harakati za amani ni wale waliotoka kwenye njozi wakaja kupika, kuimba, kuchapa magazeti na kuwafungulia askari milango.

Kwa hiyo ninawajibu wanafunzi wangu hivi: walikuwemo wanaharakati waliovuta bangi, na wavuta bangi ambao hawakuwa wanaharakati, na nywele hazitakusaidia kuwatofautisha. Uliza ni nani aliyemkaribisha jirani yake. Juni 2024 vijana wa Kenya walijaza barabara za Nairobi na Mombasa kupinga muswada wa fedha, wakiwa na simu, muziki na utani mkali. Wapo waliosema hawa ni watoto wa mitandao wanaocheza. Makumi kati yao waliuawa. Hakuna anayempiga risasi mtu anayecheza tu.

Kwenu wanaharakati: msiione aibu ngoma, lakini ihesabuni kwa idadi ya watu inaowaingiza, wala si kwa jinsi inavyowapendeza nyinyi wenyewe. Kwenu watumishi wa umma, ambao mezani penu hufika maombi ya vibali: siku mtakapopokea barua kutoka kwa vijana wenye rasta na suruali zilizochanika, ruka aya ya mavazi ambayo haimo katika barua hiyo, usome wanachoomba. Na kwenu wanafunzi, ambao wengi wenu mmepitia JKT kwa mujibu wa sheria tangu ulipofufuliwa utaratibu huo mwaka 2013 na mnajua gwaride ni nini: lijueni vizuri kiasi cha kuweza kuliigiza. Babu zenu wa Marini na Arinoti walilijua hivyo, na walilichezea mbele ya bunduki.